Friza ya Mejumaa Haiuzwi

Wako wanaosema Mombasa haina theluji. Hao hawajawahi kufungua friza ya Mejumaa.

Ilikuwa friza ndefu, ya kufunguliwa juu kama sanduku. Ilikaa ukumbini, katika nyumba ya kupanga kwenye uchochoro mmoja wa Kibokoni. Mejumaa aliinunua mwenyewe, zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika. Ndani yake aligandisha barafu za ukwaju, za ubuyu na za embe, katika vikombe vidogo vyenye vijiti. Watoto wa madrasa walinunua wakitoka darasani. Mama zao walinunua wakijifanya wanawanunulia watoto. Hata vijana wanaotembeza wageni Ngome ya Yesu walikuja, jua likishawachoma vya kutosha.

Mejumaa aliipenda kazi hii. Alipenda kuchemsha ukwaju asubuhi, alipenda kelele za watoto kwenye baraza, na alipenda kuulizwa, "Leo kuna ya embe?" Kabla ya friza alikuwa akifulia watu nguo. Hakutaka kurudi huko, na alisema hivyo wazi kwa yeyote aliyeuliza na hata kwa ambaye hakuuliza.

Lakini theluji ilikuwa ikimshinda. Ilianza kama ukungu mweupe kwenye kuta za ndani. Ikakua. Ikawa nene kuliko kiganja. Friza iliyokuwa ikimeza vikombe mia sasa ilimeza hamsini kwa kusukumana. Barafu zilichelewa kuganda, zikatoka laini kama uji. Mashine ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika, na tokeni za stima zilikwisha kabla ya wiki kwisha.

Jumatano jioni mumewe, Chengo, alirudi kutoka bandarini, anakofanya kazi ya ukarani ghalani. Alitaka kuchaji simu. Akabonyeza swichi, stima hakuna.

"Mejumaa, nimechoka na hii friza," alisema. "Mwaka jana iliharibika. Sasa yala stima na kazi haifanyi. Nimezungumza na Ogutu, yule anunuaye vyuma chakavu. Jumapili yuaja na mkokoteni."

"Yuaja kufanya nini?"

"Kuichukua."

Mejumaa alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja. "Friza ni yangu, Baba Saumu."

"Friza ni yako. Stima ni yangu."

"Basi Ogutu na aje achukue stima yako. Friza haitoki."

Chengo akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Nisikize," alisema. "Mpaka Jumapili, ikiwa yagandisha kama zamani, nitamrudisha Ogutu mwenyewe. Kama bado ni hivi, iende. Na sitaki maneno."

"Wala mimi sitaki maneno," alijibu Mejumaa. "Nataka Jumapili ifike upesi."

Alisema hivyo kwa kiburi. Moyoni alikuwa na hofu. Siku tatu si nyingi, na theluji ile ilikuwa ya miezi.

Asubuhi ya Alhamisi, Chengo alipokwisha kununua tokeni na kwenda kazini, Mejumaa alifunga leso kiunoni akafungua friza. Akaenda jikoni akachukua zana yake.

Zana yenyewe ilikuwa chuma cha mbuzi ya nazi. Kigoda cha mbuzi hiyo kilikuwa kimevunjika zamani, kikabaki kile chuma cha mbele chenye meno. Mejumaa alikuwa akikuna nazi tangu akiwa msichana mdogo huko Kwale. Siku ya kwanza alipoona kile cheupe kimeshika kwenye ukuta wa friza, mkono wake haukumuuliza. Ulikwenda wenyewe kwenye chuma cha mbuzi. Na mwaka mzima alikuwa akikwangua hivyo hivyo, akijisifu kwamba hakuna mwanamke Kibokoni anayekwangua friza kama yeye. Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Kreee, kreee, kreee. Meno yakala theluji. Unga mweupe ukamrukia mikononi. Akaongeza nguvu.

"Hodi."

Mlangoni alisimama Everlyne, mpangaji wa ghorofa ya juu. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu na mkoba wa vifaa begani. Everlyne alitoka Machakos, na kazi yake ilikuwa ufundi wa mashine za baridi. Alitunza vyumba vya kugandishia samaki karibu na bandari ya zamani. Mara nyingi akisimama kwenye mlango wa mtu, huulizwa fundi yuko wapi. Yeye hujibu kwamba fundi ameshaingia.

"Karibu, dada Everlyne. Kwema?"

"Kwangu kwema. Sijui kwa friza yako. Nimesikia kilio mpaka juu. Dada, weka chini hicho chuma."

"Nina siku tatu tu. Sina nafasi ya kuweka kitu chini."

"Ukitoboa, hata hizo tatu huna."

Mejumaa alisimama wima. Hakupenda kuambiwa. "Mimi nimekuna nazi kabla wewe hujazaliwa. Leo waja kunifundisha kukuna?"

"Kukuna nazi, mimi ndiye nije kwako nifundishwe," alisema Everlyne. "Lakini ndani ya kifuu cha nazi hamna bomba."

"Bomba gani?"

Everlyne aliingia, akauweka mkoba wake sakafuni. Akapitisha kidole polepole kwenye ukuta wa ndani wa friza, mahali palipokwanguliwa.

"Ukuta huu ni bati jembamba tu. Nyuma yake mna bomba jembamba linalozunguka friza nzima. Ndani ya bomba mna gesi. Hiyo gesi ndiyo inayoleta baridi. Ukitoboa bomba, gesi inatoka, na friza inabaki kuwa kabati." Akasimamisha kidole. "Mwaka jana iliharibika vipi?"

"Ilifanya ssss, kisha ikafa. Crispus fundi akaitengeneza. Lakini hakuitengeneza vyema yule. Tangu hapo ni taabu tupu."

"Alikuzibia hapa. Unaona hiki kiraka? Kimeshika vizuri, hana kosa. Sasa tazama mikwaruzo iliyo kando yake. Lete chuma chako."

Mejumaa alikiweka chuma juu ya mikwaruzo. Kila jino lilikaa kwenye mstari wake. Halikubaki jino wala haukubaki mstari.

Alikumbuka siku aliyomfokea Crispus pale Ndia Kuu, mbele ya wauza vinyago na wateja wao. Alimwita fundi wa kubahatisha. Alimwambia arudi shule. Uso ulimchoma kwa aibu.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Lakini hakuna aliyekwambia."

"Hata ningeambiwa, nisingesikiza."

"Hilo nalo nimeliona," alisema Everlyne, na wote wawili wakacheka.

Kisha Everlyne akawa mkali kidogo. "Sikiliza jambo moja, kwa sababu si la mchezo. Gesi ya friza nyingi za siku hizi inashika moto. Ukisikia tena ile ssss, usiwashe kiberiti wala jiko. Usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Fungua milango na madirisha, toa watoto nje, utoke, kisha umwite fundi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Siku ile ya mwaka jana Mejumaa alikuwa na jiko la mkaa limewaka hatua tatu kutoka pale. Akazihesabu tena kwa macho.

"Sasa tufanye kazi," alisema Everlyne. "Leo naingia zamu saa sita. Kwanza, chomoa plagi ukutani. Mkono wako uwe mkavu. Maji na stima havikai pamoja."

Mejumaa alichomoa. Ngurumo ikakoma. Nyumba ikawa kimya, mpaka wakasikia redio ya jirani.

Barafu zilizokuwamo walizitoa zote. Wakazipanga ndani ya beseni kubwa, wakazifunika kwa magazeti na blanketi nene. Blanketi huzuia joto lisiingie, kama linavyozuia joto la mwili lisitoke.

"Sasa zana," alisema Everlyne. "Leta ulizonazo, tuchague."

Mejumaa alikwenda jikoni akarudi na kisu cha samaki.

"Hicho hapana. Chochote chenye ncha au makali, hapana."

Akaleta bisibisi.

"Hiyo ni kisu kilichobadilisha jina."

Akaleta mchi wa kinu. "Huu hauna makali."

"Wataka kuitwanga friza? Ukigonga, bati linabonyea na bomba linapasuka."

Mejumaa alianza kukasirika. Akaleta kopo la chumvi. "Nimeona watu wakimwaga chumvi, theluji yayeyuka."

"Yayeyuka, kweli. Kisha chumvi inakula chuma. Wewe ni mtu wa pwani, dada. Tazama vyuma vya madirisha mtaa huu, vinavyoliwa na hewa tu ya bahari. Unataka kuiweka chumvi ndani ya friza kwa mkono wako?"

"Basi niambie wewe. Maana naona jiko langu zima halifai."

"Lete kile kijiko bapa cha plastiki, cha kupakulia wali. Na mwiko wa mbao, ule wenye ncha bapa. Na sufuria mbili za maji ya moto, yasiwe yanachemka. Na matambara."

Mejumaa alimtazama. "Mwiko wangu wa pilau?"

"Uoshe kabla, uoshe baadaye. Na wiki ijayo ununue mwingine wa friza peke yake."

Walikunja taulo la zamani wakalitandika ndani ya friza, chini kabisa, wakaweka sufuria za maji ya moto juu yake. Everlyne akafungua kizibo kidogo kilicho chini, mbele ya friza, akaweka sinia la kupokea maji. Mejumaa aliimiliki friza ile miaka miwili, na hakujua kwamba ina kizibo. Kisha wakafunga kifuniko.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja. Robo saa. Mvuke unafanya kazi."

"Kungoja sikuzoea."

"Najua. Mtaa mzima unajua."

Walikaa kwenye baraza. Dakika tano zikapita, na jicho la Mejumaa likarudi ndani, kwenye chuma cha mbuzi. Everlyne akakichukua, akakikalia. Walizungumza habari za maji ya mfereji na kupanda kwa bei ya ukwaju. Robo saa ilipokwisha, wakafungua.

Theluji ilikuwa imelegea. Mejumaa alipitisha kijiko cha plastiki kati yake na ukuta, kwa upole, kuanzia juu kwenda chini. Hakukwangua. Alisukuma tu. Kipande kikubwa kikaachia na kuanguka chenyewe, kizima. Mejumaa akaguna kwa mshangao. Mwaka mzima alikuwa akipigana vita ambavyo sufuria mbili za maji zilivimaliza kwa robo saa.

"Kisichoachia, usikilazimishe," alisema Everlyne. "Badilisha maji, funga, ungoje tena. Na usimwage maji yanayochemka ukutani. Wala usiingize hita ya stima humo, wala pasi."

Walibadilisha maji mara tatu. Kufika saa tano unusu, kuta zilikuwa tupu na safi. Mejumaa aliosha ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akakausha kila pembe kwa tambara kavu. "Unyevu unaoubakisha leo ndio theluji ya kesho," alisema Everlyne.

"Lakini itarudi tu," alisema Mejumaa. "Mimi nataka kujua yatoka wapi."

Everlyne alifurahi kuulizwa hivyo. Akatoa kipande cha gazeti, akakibana kati ya kifuniko na friza, kisha akakivuta. Kilikataa kutoka. Akajaribu upande wa pili. Kilikataa. Akajaribu pembe ya mbele, upande wa mlangoni. Gazeti likatoka bila shida.

"Hapa ndipo inapopumulia. Tazama huu mpira wa kifuniko."

Mpira ulikuwa umegandamana kwa sharubati ya ukwaju iliyokauka. Watoto walikuwa wakichukua barafu, zikichuruzika pale pale. Mpira haukufunga tena, na hewa ya Mombasa, yenye unyevu wake wote, ilikuwa ikiingia usiku na mchana.

"Nani hufungua friza?" aliuliza Everlyne.

"Kila mtu. Watoto hupenda kuchungulia kabla ya kuchagua."

"Kila wakichungulia, unyevu unaingia. Na ukwaju wako unautia ukiwa baridi?"

Mejumaa alisita. "Nautia wa vuguvugu. Nataka ugande upesi."

"Huo mvuke wake ndio unaopanda ukutani ukawa theluji. Upoze kabisa, ndipo uutie. Utaganda upesi zaidi kuliko ulivyozoea."

Walisugua mpira kwa tambara la maji ya sabuni mpaka ukalainika. Wakajaribu gazeti tena, likashika. Wakaivuta friza ikaachana na ukuta shubiri nzima, kwa sababu mashine nayo inataka kupumua. Everlyne alitazama saa, akabeba mkoba wake.

"Iwashe, uiache tupu kwa muda wa saa moja ishike baridi. Kisha urudishe vitu. Na kuanzia leo, theluji ikifika unene wa kalamu, usingoje. Fanya kama leo. Huhitaji fundi."

"Nikupe nini, dada Everlyne?"

"Ya embe. Jumapili."

Mejumaa aliichomeka plagi. Friza ikanguruma. Baada ya saa kadhaa, kwa mara ya kwanza tangu sikukuu iliyopita, ikanyamaza yenyewe, ikapumzika, ikawaka tena baadaye. Mejumaa alikaa karibu nayo akisikiliza kimya kile, na hakutaka mtu amsemeshe.

Lakini kulikuwa na jambo lililobaki. Ijumaa alasiri alivaa buibui akaenda Ndia Kuu, kwenye kibanda cha Crispus. Wauza vinyago walipomwona, walisogea karibu. Walikumbuka mara ya mwisho.

"Crispus," alisema Mejumaa, kwa sauti ile ile aliyomfokea nayo. "Nilikutukana hapa, mbele ya hawa. Kazi yako ilikuwa nzuri. Tundu lilikuwa langu, nilitoboa kwa mkono wangu. Nisamehe."

Crispus aliweka chini nyaya alizoshika. "Nimekusamehe, mama."

"Bado sijamaliza. Nawe ulinikosea. Uliziba tundu, usiniambie limetokana na nini. Uliniona na chuma mkononi ukanyamaza."

"Mama, hata siku ile nyumbani ulikuwa wanifokea. Ningekwambia saa ngapi?"

Mejumaa alifikiri. "Hapo wasema kweli," alijibu. "Lakini mwingine umwambie, hata akifoka."

"Nitamwambia," alisema Crispus. Na alimwambia. Siku hizi akimaliza kutengeneza friza ya mtu, humwuliza kwanza anakwangua na nini.

Jumamosi Mejumaa alichora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye friza. Watoto walisimama nyuma ya mstari, wakataja wanachotaka, naye akafungua, akatoa, akafunga. Za ukwaju zilikaa kushoto, za ubuyu katikati, za embe kulia, ili mkono usitafute. Watoto walinung'unika kwa siku moja. Mejumaa hakujali. Jioni ile alipanga vikombe mia na tano, vyote vikaenea.

Jumapili saa nne Ogutu alifika na mkokoteni na vijana wawili wa kuusukuma. Uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo mkokoteni uliziba njia yote, na majirani wakatoka kutazama. Chengo alikuwa ameketi kwenye baraza. Siku zote tatu alikuwa na kazi za ziada ghalani, akirudi na kulala. Alijua kwamba tokeni hazijaisha. Hakujua zaidi.

"Msalkheri nyote, au bado ni asubuhi," alisema Ogutu. "Nimekuja kuchukua mzigo."

Mejumaa alisimama mlangoni. "Friza haiuzwi."

Ogutu alimtazama Chengo. "Mzee, tulikubaliana."

"Ulikubaliana naye," alisema Mejumaa. "Na friza si yake. Lakini yeye na mimi pia tulikubaliana. Baba Saumu, ingia uone."

Chengo aliingia. Mejumaa akafungua kifuniko. Kuta zilikuwa safi, na vikombe vimepangwa safu kwa safu. Chengo alichukua kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu kama jiwe. Akaangalia nyuma ya friza, akaangalia mpira, akasikiliza mashine ambayo wakati huo haikuwa ikinguruma.

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi," alisema Mejumaa. "Everlyne alinifundisha, nami nikafanya. Ilikuwa yaharibika kwa mkono wangu, sasa yafanya kazi kwa mkono wangu. Wataka kusema neno?"

Chengo alirudisha kikombe mahali pake. "Nilisema sitaki maneno," alijibu. Akatoka nje. "Ogutu, samahani sana, bwana. Nimekusumbua. Mzigo haupo."

Ogutu alitaka kukasirika, lakini Mejumaa alikuwa tayari mbele yake na barafu tatu za ubuyu, moja yake na mbili za vijana wake. Jua lilikuwa kali. Wakazila pale pale wakiwa wameegemea mkokoteni mtupu, kisha wakaugeuza kwa shida katika uchochoro ule mwembamba na kwenda zao.

Everlyne alishuka, akapewa ya embe kama alivyoahidiwa. Watoto wakaanza kujipanga. Kumi, kumi na watano, mpaka wakapinda kona. Mejumaa alifungua, akatoa, akafunga.

Chengo alitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watoto.

"Nami nipe moja ya ukwaju," alisema.

Mejumaa hakuinua uso. "Foleni iko huko nyuma, Baba Saumu."

Watoto wakageuka kumwangalia. Chengo akashusha mkono, akaenda kusimama nyuma.